Kupata mwajiri wa kukudhamini Uingereza: anza ukiwa bado na viza ya mwanafunzi

Mhitimu wa kigeni akishapata Viza ya Mhitimu, hupumua: miaka miwili ya kufanya kazi bila kumtegemea mdhamini. Watakaoomba kuanzia 1 Januari 2027 watapata miezi 18, isipokuwa wa PhD, wenye miaka mitatu. Tatizo ni kwamba muda huo una gharama ambayo wengi huijua wakiwa wamechelewa.

Tangu 22 Julai 2025, Viza ya Mfanyakazi Stadi (Skilled Worker), ile ya kudhaminiwa na mwajiri, inadai kazi ya ngazi ya shahada na mshahara usiopungua pauni 41,700 kwa mwaka, au kiwango kilichowekwa kwa kazi hiyo kama ni kikubwa zaidi. Mhitimu anayeanza kazi ana nafuu: pauni 33,400, au asilimia 70 ya kiwango cha kazi hiyo, kilicho kikubwa kati ya hivyo viwili. Nafuu hiyo haizidi miaka minne, na muda wa Viza ya Mhitimu unahesabiwa humo. Ukiimaliza miaka miwili yote, umebakiwa na miwili tu.

Kuna la pili, ambalo hata maofisa ajira wengi hawalijui. Ukihama moja kwa moja kutoka viza ya mwanafunzi, mwajiri anasamehewa tozo ya ujuzi wa uhamiaji, yaani fedha anazoilipa serikali kwa kumdhamini mgeni. Ukitokea Viza ya Mhitimu, analipa: kampuni kubwa pauni 1,320 kwa kila mwaka wa udhamini, yaani 3,960 kwa miaka mitatu. Mwambie mapema, kwa maandishi.

Kwa hiyo anza kutafuta mwaka wa mwisho ukianza. Kampuni nyingi hufungua programu za wahitimu Septemba na baadhi hufunga kabla ya Krismasi.

Pakua kwenye tovuti ya serikali, gov.uk, orodha ya waajiri wenye leseni ya udhamini. Ni faili la jedwali. Chuja safu ya mwisho ibaki Skilled Worker pekee, kwa sababu wapo wenye leseni ya viza za aina nyingine ambao hawawezi kukusaidia. Kisha chuja mji. Kampuni usipoiona, usiifute haraka: orodha hutumia jina la usajili, si lile lililo kwenye bango la duka. Jina hilo mara nyingi huandikwa chini kabisa ya tovuti yao. Leseni nayo si ahadi. Soma tangazo lenyewe au piga simu.

Kabla ya kuomba, linganisha majukumu na msimbo wa kazi, yaani namba ya serikali inayotambulisha kila aina ya kazi. Mhandisi wa ujenzi ni 2121, mtengeneza programu za kompyuta ni 2134. Cheo hakitoshi, "meneja" anayefanya kazi ya karani atakataliwa.

Fomu ikiuliza kama utahitaji udhamini sasa au baadaye, jibu ndiyo hata kama una Viza ya Mhitimu. Ukificha, ofa inaweza kufutwa.

Ukishakubaliwa, mwajiri hukupa namba ya cheti cha udhamini. Hakiki jina, msimbo, saa na mshahara, kisha omba viza ndani ya miezi mitatu. Ada ya viza, pamoja na ada ya afya ya pauni 1,035 kwa mwaka, unaweza kubebeshwa wewe. Ada ya cheti, pauni 525, ni ya mwajiri, na sheria haimruhusu kukurudishia mzigo huo. Anayekuuzia cheti ni tapeli.