Shule ikisema "hatuna mwalimu wa elimu maalumu"

Kama mtoto wako ana ulemavu, au unahisi hivyo, anza kushughulikia vipimo na nafasi yake ya shule Septemba. Uandikishaji wa awali na darasa la kwanza hufunguliwa Oktoba, na vipimo haviishi siku moja, hasa kwa familia inayotoka mbali, kama Ileje au Makete.

Fika ofisi ya elimu ya halmashauri, mwulizie Afisa Elimu Maalumu. Ndiye anayejua kituo cha upimaji kilipo na shule zenye kitengo cha watoto wenye ulemavu. Beba kadi ya kliniki. Kabla hujakubali kwamba mtoto "ana akili nzito", sisitiza masikio na macho yapimwe hospitali. Sikio linalotoka usaha bila kutibiwa hupunguza usikivu. Mtoto asiposikia hajibu, asipojibu huitwa mzito, kisha huketishwa nyuma ambako husikia kidogo zaidi. Inauma, kwa sababu pengine kipimo kimoja kingetosha.

Omba majibu yaandike anachohitaji, si jina la ulemavu tu: akae mbele upande wa sikio zuri, maandishi makubwa, nukta nundu (maandishi ya kusoma kwa vidole), lugha ya alama. Neno "usonji" (autism) peke yake halimwelekezi mwalimu cha kufanya.

Wakikukatalia, usirudi nyumbani mikono mitupu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya Tanzania ya mwaka 2010 inampa mtoto haki ya kusoma shule ya kawaida, ya serikali au binafsi, isipokuwa mahitaji ya mawasiliano maalumu yakilazimu vinginevyo. Andika barua ya ukurasa mmoja kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, kupitia kwa Mwalimu Mkuu na Afisa Elimu Kata. Taja umri wa mtoto, tarehe uliyofika shuleni, nani alikujibu nini, na unachoomba. Ambatisha nakala za vipimo. Halisi zibaki kwako. Peleka nakala mbili za barua, moja igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, urudi nayo. Bila muhuri huo ni rahisi kuambiwa barua haikufika. Zikipita wiki mbili kimya, toa kopi ya nakala hiyo yenye muhuri uipeleke kwa Afisa Ustawi wa Jamii.

Ukielekezwa shule ya bweni, kama Viziwi Njombe au Katumba II kule Rungwe, uliza nani analala na watoto na kama anajua lugha ya alama. Huko ni baridi, blanketi zito ni lazima. Nanyi nyumbani jifunzeni alama. La sivyo mtoto atarudi likizo akose wa kuongea naye.

Mitihani ya taifa ndipo wengi hujikwaa. Mtahiniwa asiyeona au mwenye uoni hafifu, wakiwemo watoto wengi wenye ualbino, huongezewa dakika 20 kwa kila saa ya Hisabati na dakika 10 kwa kila saa ya masomo mengine, na huandaliwa karatasi ya nukta nundu au maandishi makubwa. Lakini karatasi hiyo huandaliwa kwa kufuata usajili. Shule isipojaza ulemavu wake, italetwa ya kawaida, na asubuhi ya mtihani msimamizi hana nyingine. Wakati wa usajili, mwombe mwalimu mkuu akuonyeshe jina la mwanao na kilichojazwa mbele yake.