Kuandika hadithi ya upelelezi ya mtu na mdogo wake: hatua kwa hatua

Nimetoka kumsaidia mpwa wangu, mwalimu wa shule ya msingi, kuandika riwaya yake ya kwanza ya watoto: wasichana wawili, dada wa miaka 12 na mdogo wake wa miaka 8, wanaofumbua mafumbo ya mtaani kwao Pangani, pwani ya Tanga. Maswali aliyoniuliza nimewahi kuyasikia kwa wengine, kwa hiyo nayajibu hapa kwa mpangilio tuliofuata. Mifano ni ya hadithi yake, naye ameniruhusu.

Hatua ya 1: Chagua mtaa unaoujua kwa miguu

Chora ramani: duka, msikiti, gati, pantoni ya kuvukia mto kwenda Bweni, nyumba ya kila mhusika. Kama hujui kutoka dukani hadi gatini ni mwendo wa dakika ngapi, nenda ukatembee.

Hatua ya 2: Fumbo liwe dogo

Maiti na majambazi waachie watu wazima. Babu anafunga ngalawa yake jioni, asubuhi anaikuta imefungwa penye mkoko mwingine. Nani anaichukua usiku, na kwa nini anairudisha? Hilo linatosha kitabu kizima.

Hatua ya 3: Andika jibu kabla ya sura ya kwanza

Tumia kaunta buku na penseli. Kompyuta ije baadaye, maana hukushawishi kupamba sentensi wakati mambo yenyewe hayajakaa sawa. Gawa ukurasa safu mbili. Kushoto andika kilichotokea kweli, saa kwa saa. Kulia andika wanachokiona wasichana. Katika hadithi yetu, Mjomba Athumani aligombana na kaka yake wa Bweni mbele ya watu. Sasa kaka anaumwa, na Athumani anavuka usiku kumpelekea chakula. Pantoni haipandi kwa sababu hataki mtu ajue kwamba ameshasamehe. Safu ya kushoto ikiwa na pengo, usiendelee.

Hatua ya 4: Panda vidokezo

Hapa ndipo miswada mingi huharibikia, na ndipo sisi tulipotumia muda mwingi kuliko hatua zote nyingine. Sheria ni moja: kila kidokezo msomaji akione kabla hakijaelezwa. Mtoto akifika mwisho akaambiwa jambo ambalo halikuwahi kutajwa, anajua ameonewa.

Chukua kanga. Ndani ya ngalawa mdogo mtu anaokota kanga iliyofungiwa sahani. Kanga huuzwa doti, vipande viwili vinavyofanana, kwa hiyo mahali fulani mtaani kuna mwenzake. Lakini usikimbilie kusema "mwenye kipande cha pili ndiye". Doti za sampuli moja huuzwa nyingi, na nusu ya mtaa inaweza kuwa nazo. Kinachotofautisha ni pindo: hii imekunjwa kwa uzi wa kijani, mishono mikubwa upande mmoja, midogo upande wa pili, kama mtu aliyebadilishiwa sindano katikati. Uzi huo utaje mapema, kwenye kamba ya kuanikia nguo, katikati ya mazungumzo ya jambo jingine kabisa, kisha upite.

Kidokezo cha pili ni maji, nacho kinataka hesabu. Jirani anadai alimwona kijana wa muuza samaki akiisukuma ngalawa majini saa nne usiku. Mbalamwezi ilikuwa kali, mwezi kumi na tano, yaani siku ya kumi na tano tangu uandame, kwa hiyo alimwona vizuri. Watu wazima wanamwamini. Mdogo mtu anakataa: jioni ile saa kumi waliogelea maji yakiwa yamejaa tele. Siku za bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida, pwani yetu hii maji hujaa mnamo saa kumi, alasiri na alfajiri, na hupwa mnamo saa nne, asubuhi na usiku. Saa nne usiku ngalawa ilikuwa imekaa juu ya tope, na kijana mmoja hawezi kuiburuta.

Kwa hiyo kabla ya kuandika tukio lolote la ufukweni, jua tarehe ya mwezi. Bamvua huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, na hukolea siku moja au mbili baadaye. Maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana, huangukia katikati, mnamo mwezi saba na mwezi ishirini na mbili, na saa zake ni kinyume: hujaa karibu na saa nne. Kila siku maji huchelewa kwa dakika 50 hivi. Ukiweka hadithi usiku wa Idi el-Fitri, kumbuka mwezi ndio kwanza umeandama na hutua mapema, kwa hiyo asiwepo mtu wa kutambuliwa sura kwa mbalamwezi usiku wa manane. Mtoto wa pwani anayajua haya bila kufundishwa, na ukikosea anafunga kitabu.

Hatua ya 5: Wape sababu ya kuwa pale

Watoto wetu hutumwa. Dukani, kwa shangazi, kupeleka sahani iliyofunikwa kawa kwa jirani. Tumia hilo kila sura. Na wasihoji wakubwa kama askari. Hakuna mtoto atakayemwuliza mzee "Ulikuwa wapi jana usiku?" Ataanza na shikamoo, atasubiri marahaba, kisha atasema, "Mjomba, mama anauliza kama ile sahani yake iko kwako." Uso wa Athumani wakati anajibu ndio ushahidi.

Hatua ya 6: Andika

Sura fupi, kila moja imalizike na swali.

Hatua ya 7: Wasomee watoto kwa sauti

Simama kabla ya sura ya mwisho, uwaulize ni nani. Wote wakijua tangu sura ya tatu, kidokezo kimoja kipo wazi mno, kifiche. Asipojua hata mmoja, rudi kwenye kamba ya nguo na umruhusu mdogo mtu auguse ule uzi.