Tochi kali ikichemka kwa nje ndo vizuri: namna ya kulitoa joto kwenye LED

Wakuu, watu wengi wakinunua tochi kali wanalalamika kwamba inachemka mkononi, halafu muuzaji anawapa nyingine "isiyochemka" kama ndo ya maana. Hapo unapigwa. Tochi ya LED yenye nguvu lazima ipate joto kwa nje tena mapema, na ile unayoiwasha fulu dakika tatu nne kichwa bado cha baridi ndo ya kuogopa, maana joto lipo palepale, ila limekwama ndani linaichoma LED polepole. Dalili yake utaiona tu, mwanga unaanza mkali unafifia wenyewe wakati betri bado imejaa, au unageuka unaelekea ubluu.

Hesabu yake iko hivi. LED inayokula ampea 3 kwa volti 3.3 hivi ni kama wati 10, na humo wati 6 mpaka 7 haziwi mwanga, zinakuwa joto kwenye kachipu kenye upana wa milimita mbili tu. Balbu za zamani zile za waya zilikuwa zinarusha joto kwa mbele pamoja na mwanga, LED hairushi, joto lake linatokea mgongoni: kutoka kwenye chipu linaingia kwenye kibao chake kile cha duara, kutoka hapo kwenye kikombe cha chuma kilichobeba kibao, kisha bodi (ganda la nje la tochi), kisha mkono wako na hewa. Njia nzima ina nguvu sawa na sehemu yake mbovu kuliko zote, kwa hiyo usianze kuhangaika na mapezi ya nje (ile mikunjo ya kupozea kwenye kichwa) wakati shida iko ndani.

Fungua kichwa. Toa ringi ya mbele, kioo na rifulekta (ile inayong'aa inayorusha mwanga mbele), halafu kikombe mara nyingi kina vishimo viwili, ingiza ncha za plaizi ya mdomo mwembamba uzungushe taratibu. Sasa angalia chini ya kibao. Kwenye tochi nyingi za bei chee utakuta mambo mawili, aidha hakuna pesti ya kupitisha joto kabisa, au kuna tone la gundi katikati na pembeni hewa tupu, na hewa ndo adui namba moja maana karibu haipitishi joto kabisa. Cha pili, kikombe chenyewe kiko wazi katikati, kibao kimeshikiliwa pembeni tu kwenye kaukingo kembamba wakati LED imekaa katikati ambako chini hakuna kitu!

Tuanze na kusawazisha, hapa usifanye haraka. Weka msasa namba 400 juu ya kipande cha kioo, lowanisha maji kidogo, sugua mgongo wa kibao kwa kuzungusha bila kukandamiza upande mmoja, ukimaliza hamia namba 1000. Kisha paka makapeni mgongo mzima, subiri ikauke, kiweke kwenye kikombe ukizungushe kidogo ukitoe. Pale wino ulipofutika ndo panapogusana, na pale wino ulipobaki joto halipiti vizuri. Kama umefutika kwenye kona moja tu, rudia, na kikombe nacho kisugue.

Ukiridhika futa kila kitu kwa spiriti, ndo upake ile pesti ya kijivu wanayopaka mafundi kompyuta kwenye prosesa. Kidogo tu, punje ya mchele inatosha, maana kazi yake ni kujaza mikwaruzo isiyoonekana, ukijaza nene unaweka blanketi. Kandamiza huku unazungusha kibao mpaka uhisi kinakuwa kizito kuzunguka. Supaglu na silikoni ya vioo achana nazo kabisa, hazipitishi joto.

Kama kikombe ni kitupu katikati, kitafutie shaba nyekundu. Mafundi umeme wana vipande vya basibaa (vile vyuma bapa vya shaba vya kupitishia umeme) kutoka kwenye bodi za umeme za zamani, kata duara linaloingia kwa kubana, lipige msasa, lipake pesti. Mpangilio wa metali uko hivi: shaba nyekundu inapitisha joto karibu mara mbili ya aluminiamu ya kawaida ya tochi, brasi iko chini ya aluminiamu, na stenlesi ni mbovu sana, iko kama mara kumi chini ya aluminiamu, japo inang'aa vizuri. Ukiwa unabadilisha LED nunua ile iliyochomewa kabisa kwenye kibao cha shaba ambacho LED inakaa moja kwa moja juu ya shaba, bila ile tabaka ya kuzuia umeme katikati, hapo tofauti ni kubwa kuliko pesti yoyote ya bei mbaya.

Wakati wa kurudisha, hakikisha rifulekta ya chuma haigusi zile ncha za waya ulizochomea, weka kawasha (karingi bapa) ka plastiki, la sivyo utapiga shoti. Nyuzi za kikombe (ile mikato ya kukazia) zisafishe ukaze mpaka mwisho.

Kwa nje hakuna mengi. Matope na chumvi kwenye mapezi safisha. Wale mnaofunga kichwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli kisa isiteleze, fungeni mkiani tu, mpira unazuia joto. Na wavuvi jamani, tochi iliyochemka usiichovye majini ghafla, hewa ya ndani inapoa inasinyaa inavuta maji kupitia mpira wa kuzuia maji, ndo maana mnakuta ukungu kwenye kioo.

Tochi za kuvuta zumu nazo zina mipaka, kichwa kinateleza juu ya grisi na mpira, kwa hiyo joto linavuka pengo kabla ya kufika nje. Kwa hizo dawa ni kupunguza ampea. Ukipunguza mwanga nusu, umbali unaofika haupungui nusu, unabaki kama asilimia 70, yani iliyokuwa inapiga mita 200 inapiga 140, na joto linashuka zaidi ya nusu. Kwa mlinzi wa usiku mzima hiyo biashara inalipa.

Ukishafunga kila kitu pima. Washa fulu, shika kichwa, ndani ya dakika moja mbili uwe umesikia joto, likizidi hadi vidole havivumilii punguza mwanga, kwa sababu betri nyingi za 18650 (zile za lithiamu za duara za kuchaji) hazitakiwi kuvuka nyuzi joto 60 za Selsiasi zikiwa kazini. Mita yenye waya wa kupimia joto ikiwepo, bandika ncha moja kwa moja kwenye kibao karibu na LED kabla hujafunga kichwa, halafu linganisha na bodi: namba hizo mbili zikikaribiana, joto linatoka.