Kuvusha chakula kwenye feri friji ikiwa imezimwa

Kabla ya kustaafu nilikuwa muuguzi wa chanjo, na kazi iliyokuwa ikininyima usingizi haikuwa sindano bali baridi. Nyuzi 2 hadi 8, mchana na usiku, umeme uwepo usiwepo. Ungedhani mtu wa namna hiyo maziwa hayawezi kumharibikia. Lakini mara ya kwanza mimi na mzee wangu tulipoliingiza gari-nyumba letu ndani ya feri, tulizima gesi inayoendesha friji kama tulivyoagizwa, tukapanda juu kulala, na kesho yake nilipofungua friji nilirudi nyuma hatua mbili. Nyama ilikuwa imelegea, maziwa yamekatika, na harufu ilikaa nasi wiki nzima.

Kosa langu lilikuwa la hesabu. Ratiba ilisema safari ni saa 19, nami nikajiandaa kwa saa 19. Sikuhesabu saa 4 za foleni bandarini, wala saa 2 ambazo meli ilichelewa kung'oa nanga, wala muda wa kushuka na kuendesha hadi kambini, wala usiku mzima ambao friji yenyewe ilihitaji ili irudie ubaridi wake. Kwa hiyo jambo la kwanza: usihesabu safari ya meli, hesabu safari ya baridi. Inaanza pale unapofunga gesi na kuisha pale kipimajoto kinaposoma tena nyuzi 4. Mimi huchukua saa za ratiba na kuongeza 10, na mara nyingi saa hizo zote huliwa.

Sasa tuelewane kuhusu friji yenyewe. Zilizomo kwenye magari mengi ya aina hii ni za njia tatu: zinatumia gesi, umeme wa ukutani, au volti 12 za gari. Hazina mota, hupoza kwa kupashwa joto, ndiyo maana ziko kimya na ndiyo maana ni za polepole. Ndani ya feri, gesi imekatazwa, na sababu iko wazi: moto ulio wazi kwenye sitaha iliyofunikwa na kujaa matangi ya mafuta ni hatari, na gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutuama chini. Funga koki juu ya mtungi wenyewe, usiishie kwenye kitufe cha friji.

Hapo kuna mtego. Friji zinazojichagulia chanzo cha nishati, ukizima injini, husubiri kidogo kisha hutafuta gesi zenyewe. Zikikuta mtungi umefungwa hujaribu kuwasha, hushindwa, na kukuachia taa nyekundu. Ukisahau kufunga mtungi, basi zitawaka kweli, na wewe uko ghorofa ya nane unakunywa chai. Izime kabisa kwenye paneli yake.

Je, volti 12? Friji ya njia tatu ikitumia betri hula ampea 10 hadi 14 bila kupumzika. Betri ya asidi ya ampea-saa 100, yaani inayoweza kutoa ampea moja kwa saa 100, haifai kuteremshwa chini ya nusu, kwa hiyo una kama saa 4 tu. Ndiyo sababu watengenezaji huweka rilei, yaani swichi inayojiendesha, inayoikata friji mara injini inapozimwa. Mzee wangu, ambaye anajiona fundi, aliwahi kuizunguka rilei hiyo kwa waya wake. Tulivutwa kutoka melini kwa kamba, magari yote nyuma yetu yakipiga honi. Hatuzungumzii tena habari hiyo mezani.

Mwenye friji ya kompresa, yaani yenye mota kama ile ya nyumbani, ana nafuu kubwa. Hiyo hula ampea 4 hivi inapofanya kazi na hupumzika katikati, hivyo kwa siku nzima inaweza kutumia ampea-saa 30 hadi 40, zaidi hewa ikiwa ya joto. Betri nzuri iliyojaa inaimudu. Lakini ijaze usiku wa kuamkia safari, kwa umeme wa kambini, maana paneli ya sola haioni jua ndani ya tumbo la meli. Na uliza kama meli inaruhusu kitu chochote kibaki kimewashwa. Baadhi hawaruhusu, na neno lao ndilo la mwisho.

Kuna meli zenye soketi za umeme kwa ajili ya magari-nyumba. Swali la kama meli yako inazo liulizwe siku ya kukata tiketi, halafu likumbushwe tena kwa mfanyakazi anayekupanga sitahani, kwa sababu akishakuweka mbali na soketi hakuna wa kukuhamisha. Beba waya wako mrefu. Soketi inayokufaa ni ile ya buluu yenye pini tatu. Zile nyekundu ni za malori ya kubeba bidhaa baridi, zina volti 400, usizisogelee.

Basi tuseme huna soketi na friji imezimwa. Umebaki na kabati lenye kuta nene. Kazi ya kabati hilo si kutengeneza baridi bali kuchelewesha joto, na hapa ndipo ujuzi wangu wa zamani uliponirudia.

Barafu ina nguvu kuliko watu wanavyodhani. Kilo moja ya barafu inapoyeyuka, ikiwa pale pale kwenye nyuzi sifuri, hunyonya joto mara 10 ya lile ambalo kilo moja ya maji baridi hunyonya ikipanda kutoka sifuri hadi nyuzi 8. Kwa hiyo chupa za maji baridi, hata zikijaa friji nzima, haziifikii kazi ya chupa chache zilizoganda. Kwa friji yangu ya lita 90, kwa saa 24 ndani ya sitaha yenye joto, naweka kilo 6 za vitu vilivyoganda. Nusu ni chupa za maji, nusu ni chakula chenyewe: nyama, mchuzi, mkate. Chakula kilichoganda ni barafu inayolika.

Mahali pa kugandishia ndipo tatizo. Kafriza kadogo kalikomo ndani ya friji ya gari kanaweza kunigandishia chupa moja kwa usiku, kakijitahidi. Kwa hiyo naanza siku tatu kabla, au naomba kambini, kwani kambi nyingi zina friza ya wageni kwa ajili hiyo. Andika jina lako kwenye chupa kwa kalamu isiyofutika. Usiijaze hadi shingoni, maji yakiganda hupanuka na kuipasua.

Watu wengine watakuambia utie chumvi kwenye maji ya kugandisha. Ni kweli kwamba maji ya chumvi huyeyuka kwenye nyuzi zilizo chini ya sifuri, na kwa kulinda kilichoganda yanafaa. Lakini kwa friji ya kawaida ninayakataa. Ukiweka chupa hiyo karibu na mayai au mboga za majani, vitaganda na kuharibika. Kwenye chanjo tulilijua hili vizuri: nyingi huharibiwa na kuganda, na pakiti za barafu zilizotoka friza moja kwa moja ziliua dozi nyingi bila mtu kujua. Tulikuwa tunaziacha mezani hadi zitoke jasho, kisha tunaitikisa moja karibu na sikio. Ukisikia maji yanacheza ndani, imefika kwenye sifuri, ipakie. Nafanya vivyo hivyo na chupa zinazokaa karibu na mboga. Zile za karibu na nyama naziingiza zikiwa kavu na ngumu.

Kupakia nako kuna utaratibu wake. Siku mbili kabla, naiweka friji kwenye ubaridi wa juu kabisa, ikiwa kwenye umeme au gesi, na chakula kinaingia mapema ili kiwe baridi hadi kwenye kiini chake. Asubuhi ya safari hakiingii kitu chenye joto, hata kopo moja la soda. Chupa za barafu nazipanga juu, kwa kuwa hewa baridi hushuka. Nyama na samaki naviweka chini kabisa ndani ya vyombo vya kufunika, ili kikivuja kisidondokee kingine. Nafasi inayobaki wazi naijaza taulo safi zilizokunjwa. Hewa ndiyo inayokimbia mlango ukifunguliwa, taulo haikimbii. Chini ya chupa naweka sinia, zitatoka jasho.

Pamoja na friji nabeba boksi la barafu dogo lenye mfuniko mzito, na humo ndimo inakwenda nyama tutakayokula siku ya mwisho. Boksi hilo linajazwa hadi juu na kufungwa kwa mkanda, kisha linakaa sakafuni chini ya blanketi. Mara nyingi huishinda friji, nalisema hili nikiwa na daftari langu mkononi.

Halafu mlango. Bahari ikichafuka, mlango wa friji hufunguka wenyewe na kila kitu humwagika, tena hakuna anayeruhusiwa kushuka sitaha ya magari meli ikiwa safarini, kwa hiyo utakuta msiba uliokwishapoa. Kitasa cha friji nyingi za gari kina sehemu mbili: moja ya kufunga, nyingine ya kuacha upenyo ili friji tupu isiote ukungu. Mara mbili nimekuta mzee amefunga kwenye upenyo. Siku hizi navuta mlango mwenyewe, kisha naubana kwa utepe mpana. Kabla ya hapo napitisha kipande cha karatasi kwenye raba ya mlango na kuufunga. Karatasi ikichomoka bila kukwama, raba imechoka na joto linaingia usiku kucha.

Kama gari lako lina vifuniko vya kuziba matundu ya hewa ya friji upande wa nje, unaweza kuvibandika friji ikiwa imezimwa. Ila vitoe kabla ya kuiwasha tena, friji inahitaji kupumua. Mimi nikishavibandika hufungia kifuniko cha tatu cha akiba kwenye ufunguo wa gari, ili nikikiona kinaning'inia nikumbuke kuvitoa.

Dawa zisibaki chini. Mzee anatumia insulini, na chupa ambazo hazijafunguliwa zinatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8, zisigande kamwe. Hizo napanda nazo chumbani kwenye mfuko mdogo wenye pakiti iliyotoka jasho, nikizifunga kwa kitambaa ili zisigusane na barafu. Ile anayoitumia sasa haihitaji baridi, aina nyingi hukaa kwenye joto la chumba takribani siku 28, soma karatasi yake. Kwenye mfuko huo huo naweka chakula cha safari, maana sitahani hakurudiki.

Ukifika, vumilia. Usifungue friji ukiwa bado ndani ya meli kwa ajili ya kuchungulia tu. Injini ikiwaka, volti 12 zitaifanya friji isizidi kupata joto, lakini usitegemee ipoze. Gesi fungua ukiwa umeshatoka bandarini na kuegesha mahali tambarare. Kumbuka pia kwamba nchi nyingi haziruhusu mtu kuvuka na nyama na maziwa. Umoja wa Ulaya, kwa mfano, huvizuia kwa wasafiri wanaotoka nje yake. Ni ujinga kulinda nyama saa 30 halafu inyang'anywe forodhani.

Kuhusu kutupa na kutotupa, sitegemei pua. Vijidudu vingi vinavyoumiza tumbo havina harufu. Ndani ya friji yangu kuna kipimajoto cha kuhifadhi kiwango cha juu na cha chini, kihisi chake kimezamishwa kwenye glasi ndogo ya maji yenye kifuniko, ili kipime ubaridi wa chakula na si wa hewa iliyopita. Kiwango cha juu kikiwa nyuzi 5 au chini, na chupa bado zina barafu ndani, kila kitu kinaliwa. Kikiwa kimepanda na barafu imekwisha, siwezi kujua ni tangu lini, basi nyama, samaki, maziwa na vilivyopikwa vinakwenda jalalani, mzee anune asinune. Siagi, jibini ngumu, matunda na achari vinabaki. Kwenye kafriza naweka kikombe cha barafu chenye sarafu juu yake: sarafu ikizama, barafu iliyeyuka, hata kama baadaye iliganda tena.

Ununuzi mpya haugusi friji hadi siku ya pili. Siku ya kwanza barafu iliyobaki inaendelea kuisaidia friji, nami naandika kwenye daftari: saa ya kufunga gesi, saa ya kuifungua, nyuzi za juu, kilo za barafu zilizoingia na chupa ngapi zilitoka bado ngumu. Safari iliyopita ilikuwa saa 31, nyuzi 4.6, chupa mbili ngumu kati ya sita. Maji ya zile nne tuliyachemshia chai.