Saa ya kivuli: kazi ya likizo isiyohitaji skrini

Kwa watoto wa miaka 6 hadi 9, kazi moja inayorudiwa likizo nzima hufundisha kuliko michezo kumi ya dakika kumi kumi. Hii inataka jua tu na vitu vya kuokota au vya nyumbani.

Vifaa: kijiti kilichonyooka, kinene kama penseli, vijiwe kumi, uzi, rula, daftari, saa ya ukutani. Simu isiguswe hata kwa kuangalia saa. Ikishashikwa, kazi imekwisha.

1. Tafuta mahali tambarare panapopata jua kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi alasiri, na nafasi ya mita moja kila upande. Chunguza kwanza kivuli cha ukuta au mti kitafika wapi mchana.

2. Chomeka kijiti, kibaki sm 30 juu ya ardhi. Penye saruji, kisimike kwenye bonge la udongo. Funga jiwe kwenye uzi upate timazi, yaani uzi unaoning'inia wima, kisha ulinganishe kijiti nao ukiwa mbele na tena ukiwa ubavuni. Ukiangalia upande mmoja tu, kijiti kinaweza kuonekana wima kumbe kimekuinamia, na vipimo vyote vitapotoka.

3. Kila saa, mtoto aweke jiwe kwenye ncha ya kivuli na kuliandika saa. Kabla ya hapo aonyeshe kwa kidole anapodhani ncha itafika. Hapa ndipo wakubwa huharibu, kwa kumpa jibu. Mwache akosee: wengi hudhani urefu hubadilika sawasawa, kumbe asubuhi na jioni hubadilika haraka, mchana polepole. Awe amelipa jua mgongo, asilitazame kamwe.

4. Pimeni kutoka shina la kijiti hadi nchani. Ncha huwa na ukungu kwa sababu jua si nukta bali ni duara. Chukueni katikati ya ukungu huo. Kijiti kirefu huuzidisha, ndiyo maana sm 30 zinatosha. Kivuli kikifika sm 30, jua liko digrii 45 juu ya upeo wa macho. Asiyejua rula akate uzi kwa urefu wa kila kivuli na kuzibandika nyuzi ukutani kwa mfuatano. Hiyo tayari ni grafu.

5. Tafuteni kivuli kifupi kuliko vyote. Mara nyingi hakiangukii saa sita kamili, wala si kosa la mtoto: saa ya ukutani hufuata majira ya eneo zima, na kila digrii 1 ya longitudo, yaani kwenda mashariki au magharibi, ni tofauti ya dakika 4. Kivuli hicho hulala kaskazini-kusini. Karibu na ikweta, kuna siku kinatoweka kabisa.

6. Acheni vijiwe hapo, mrudie baada ya wiki mbili. Ncha zitakuwa zimehama, kwa kuwa mhimili wa dunia umeinama na njia ya jua husogea kaskazini au kusini. Mkianza karibu na Juni 21 au Desemba 21, subirini mwezi mzima. Siku hizo mabadiliko ni madogo mno kwa rula ya mtoto.