Somo: Kibali cha kuuza vileo na kupiga muziki siku ya mechi katika ukumbi wa kukodi (England na Wales)

Kila inapokaribia mechi ya Simba na Yanga au Kombe la Mataifa ya Afrika, viongozi wa jumuiya zetu katika miji mbalimbali huniletea swali lile lile: tumekodi ukumbi na projekta, tutauza bia na nyama choma, je, tunahitaji kibali gani? Nimelijibu kwa simu, kwa maandishi na hata msibani. Kwa kuwa mashindano ya mwaka 2027 yatachezwa Kenya, Tanzania na Uganda, naamini waulizaji wataongezeka, kwa hiyo naandika jibu zima hapa, na atakayeniuliza tena nitamwelekeza kwenye somo hili.

Sheria inayohusika ni Sheria ya Leseni ya mwaka 2003, inayotumika England na Wales. Sheria hiyo inagusa uuzaji wa vileo, burudani kama muziki, ngoma na filamu, na pia uuzaji wa chakula au kinywaji cha moto kati ya saa tano usiku na saa kumi na moja alfajiri. Kuonyesha mpira unaorushwa moja kwa moja kwenye televisheni hakuhesabiwi kuwa burudani inayohitaji leseni, lakini kuonyesha mechi iliyorekodiwa kunaingia katika fungu la filamu. Jumuiya isiyo na jengo lake hutumia Notisi ya Tukio la Muda, ambayo halmashauri zote huiita TEN, kifupi cha jina lake la Kiingereza, Temporary Event Notice.

Hatua ya kwanza. Muulize mwenye ukumbi kama jengo tayari lina leseni ya vileo, na kama ipo, omba uione na usome saa na masharti yake.

Hatua ya pili. Chagueni mtu mmoja mwenye umri wa miaka 18 au zaidi ambaye jina lake litaandikwa kwenye notisi. Jumuiya haiwezi kuwa mwombaji, na huyo mmoja ndiye atakayejibu mambo yakiharibika, hivyo asiwe mtu ambaye siku hiyo atakuwa safarini. Asiye na leseni binafsi ya kuuza vileo anaruhusiwa notisi 5 kwa mwaka, na mwenye nayo anaruhusiwa 50.

Hatua ya tatu. Jaza fomu kwenye tovuti ya halmashauri ya mahali ukumbi ulipo, si ya mahali unapoishi. Weka alama kwenye vileo na kwenye burudani pia, hata kama unadhani muziki wenu umesamehewa, kwa sababu ada haiongezeki. Saa ziandikwe kwa mfumo wa saa 24. Nimewahi kuonyeshwa rasimu iliyosema tukio litaanza saa 8 na kwisha saa 5, na mwandishi wake alimaanisha saa nane mchana hadi saa tano usiku, yaani 14:00 hadi 23:00. Afisa wa leseni hana namna ya kujua kwamba tunahesabu saa kwa Kiswahili.

Hatua ya nne: kuhesabu siku. Hapa ndipo notisi nyingi nilizoombwa kuziokoa zilipokuwa zimekwisha kufa, na hapa naomba usome polepole. Notisi ya kawaida lazima iwe imeifikia halmashauri siku 10 kamili za kazi kabla ya tukio. Siku inayopokelewa haihesabiwi, siku ya tukio haihesabiwi, wala Jumamosi, Jumapili na sikukuu za kitaifa hazihesabiwi. Chukua mechi ya Uganda na Tanzania iliyochezwa Jumamosi ya tarehe 27 Desemba 2025 nchini Morocco. Mtu anayehesabu kwa vidole atatoa kumi katika ishirini na saba, apate tarehe 17, aridhike. Lakini tarehe 25 na 26 zilikuwa sikukuu, na ukirudi nyuma kuanzia Jumatano ya tarehe 24 ukiruka kila mwisho wa wiki, siku ya kumi inaangukia Alhamisi ya tarehe 11, kwa hiyo notisi ilipaswa kuwa imepokelewa si baada ya Jumatano ya tarehe 10.

Ipo pia notisi ya kuchelewa, inayokubaliwa ikipokelewa kati ya siku 9 na siku 5 kamili za kazi kabla ya tukio. Kwa mechi hiyo, tarehe 17 aliyojipatia ndugu yetu ingekuwa siku ya mwisho kabisa ya notisi ya kuchelewa, na aliyetuma tarehe 18 hakuwa na njia yoyote. Msiitegemee. Notisi ya kawaida ikipingwa kuna kikao ambapo mnaweza kujieleza, ilhali notisi ya kuchelewa ikipingwa na polisi au na idara ya afya ya mazingira, imekufa palepale bila kikao wala rufaa. Asiye na leseni binafsi anaruhusiwa notisi 2 tu za kuchelewa kwa mwaka, nazo zinatolewa ndani ya zile 5. Na mkituma kwa karatasi badala ya mtandao, ni juu yenu kuwapelekea polisi na afya ya mazingira nakala zao, katika muda ule ule.

Hatua ya tano. Lipa ada ya paundi 21 papo hapo.

Hatua ya sita. Subiri. Polisi na afya ya mazingira wana siku 3 za kazi za kupinga, na wao peke yao ndio wenye haki hiyo. Wakikupigia kuuliza kuhusu kelele au walinzi, jibu kwa adabu na ukubali kurekebisha saa, kwa kuwa notisi ya kawaida inaweza kubadilishwa kwa makubaliano badala ya kwenda kwenye kikao.

Hatua ya saba, siku yenyewe. Bandikeni notisi mahali panapoonekana. Waliomo ndani kwa wakati mmoja wasizidi 499, wakiwemo watoto, wapishi, wapiga muziki na ninyi wenyewe mnaohudumu. Asiyetimiza miaka 18 haruhusiwi kuuziwa kileo, na aliyekwisha kulewa pia haruhusiwi, hata awe mwenyekiti.

Jambo la nje ya notisi ambalo watu hulisahau: TEN haikupi haki ya kuonyesha matangazo ya mtu mwingine. King'amuzi mlicholipia kwa matumizi ya nyumbani ni cha nyumbani, ukumbi unahitaji leseni ya televisheni, na muziki unahitaji leseni ya pamoja ya PPL PRS, yaani ya wanaokusanya malipo ya hakimiliki za muziki. Mwulizeni mwenye ukumbi anazo zipi kabla hamjalipa mara mbili.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Birmingham: Kaka, somo zuri. Mechi yetu ni Jumamosi hii na leo ni Jumatatu. Tunaweza kuwahi?

Jibu: Hapana. Soma hatua ya nne. Fungueni ukumbi, uzeni soda na chakula, na kila mtu aje na kinywaji chake kama mwenye ukumbi anaruhusu.

Mwanachama, Reading: Sisi hatuuzi pombe. Mtu anatoa mchango wa paundi 15 mlangoni, anapewa kuponi mbili za bia. Huo ni mchango, si biashara, kwa hiyo nadhani hatuhusiki.

Jibu: Mnahusika. Bila zile paundi 15 mtu hapati bia, kwa hiyo ameinunua, liitwe mchango, kuponi au sadaka. Kinywaji cha bure ni kile ambacho hata asiyetoa chochote angepewa.

Mwanachama, Reading: Mbona jumuiya nyingine zinafanya hivyo miaka yote na hakuna kilichotokea? Naona unatutisha bure.

Jibu: Sikuandika somo hili kumtisha mtu. Kuuza vileo bila kibali ni kosa ambalo adhabu yake ni kifungo kisichozidi miezi sita, au faini isiyo na kikomo, au vyote viwili, na kibali chenyewe ni paundi 21. Pimeni wenyewe.

Mwanachama, Leeds: Shikamoo kaka. Nimesoma mara mbili. Swali langu ni kuhusu mashindano marefu: hatua ya makundi ina mechi tatu. Tuombe notisi moja ya kufunika zote, au tatu?

Jibu: Marahaba, dada. Hili ni swali ambalo nilitamani mtu aliulize. Notisi moja inaweza kufunika saa 168 mfululizo, yaani siku saba. Mwaka 2025 Tanzania ilicheza na Nigeria tarehe 23 Desemba, na Uganda tarehe 27, na Tunisia tarehe 30. Kuanzia mwanzo wa mechi ya kwanza hadi mwisho wa ile ya tatu ni zaidi ya saa 168, hivyo notisi moja isingetosha. Hata ingetosha isingekuwa busara, kwa sababu ukumbi wenyewe una mipaka yake: notisi 15 na siku 21 kwa mwaka, zenu na za wapangaji wengine wote kwa pamoja, na siku za katikati ambazo hamuuzi chochote zingehesabiwa. Ombeni tatu, mkihakikisha kwamba kati ya mwisho wa moja na mwanzo wa nyingine panapita saa 24 au zaidi. Gharama ni paundi 63, na mwombaji wenu atabakiwa na notisi mbili. Mfunge pia kabla ya saa sita usiku, kwa sababu tukio linalovuka saa hiyo linakula siku mbili za ukumbi. Kama mnapanga kuendelea mpaka fainali, mmoja wenu asome kozi fupi na kuomba leseni binafsi.

Mwanachama, Slough: Mimi nimemaliza tano zangu. Mume wangu akiomba kwa jina lake si yanaisha?

Jibu: Hayaishi, dada. Kwa ukumbi ule ule, notisi ya mume au mke, mzazi, mtoto, mjukuu, babu, bibi, kaka, dada, mwajiriwa au wakala wako huhesabiwa kama yako. Muombe jirani.

Mwanachama, Coventry: Tunakodi basi dogo kwenda Wembley kuangalia timu ya taifa ya England. Kreti moja ya bia njiani ina shida?

Jibu: Inayo. Sheria ya mwaka 1985 ya kudhibiti vileo kwenye michezo inakataza kubeba kileo katika basi linalowapeleka mashabiki kwenye mechi zilizotajwa, zikiwemo za Premier League na za kimataifa, na mabasi madogo yenye nafasi za abiria zaidi ya wanane yamo. Uwanjani nako hamruhusiwi kunywa mkiwa mnaona eneo la kuchezea, kuanzia saa mbili kabla ya mechi hadi saa moja baada yake. Ndiyo maana watu hunywa kwenye korido.

Mwanachama, Glasgow: Na sisi?

Jibu: Uskoti mna sheria yenu ya mwaka 2005, na mnachoomba ni leseni ya tukio kutoka kwa bodi ya leseni, ambayo mwakilishi wa jumuiya ya kujitolea anaweza kuiomba kwa niaba yake. Muda na ada ulizosoma hapa si zenu.

Mwanachama, Milton Keynes: Naongeza dondoo. Mechi ya Dar es Salaam inayoanza saa kumi na moja jioni huku ni saa tisa alasiri majira ya kiangazi, na saa nane mchana majira ya baridi. Sisi tumeacha kuomba kibali cha hadi usiku wa manane. Tunafunga saa mbili usiku, na afya ya mazingira hawajatupigia simu tena. Ila supu tunaigawa baadaye kwa wanaosafisha ukumbi.

Jibu: Dondoo nzuri. Supu ya kugawa bure haina shida, na hata mkiiuza kabla ya saa tano usiku hamhitaji kibali cha leseni kwa ajili yake. Mkivuka saa tano mkiwa bado mnauza, iwe supu, mishikaki ya moto au chai ya tangawizi, hakikisheni mliweka alama kwenye kisanduku cha fomu kinachohusu chakula na kinywaji cha moto cha usiku, kile ambacho wengi hukiruka kwa kudhani kinahusu migahawa.