Dar hadi Mwanza kwa ndege: kilomita 850 na saa zako za kweli

Kutoka uwanja wa Julius Nyerere hadi uwanja wa Mwanza ni kama kilomita 850 kwa mstari ulionyooka. Kwa barabara ni zaidi ya 1,100. Ndege ya jeti hutumia saa moja na nusu hivi. Ya mapangaboi huweza kukaribia saa mbili. Ukiwa London au Toronto unapiga hesabu hiyo, unaona mchana uko nyumbani unakula sato. Usiwaahidi watu bado.

Kama unaingilia nchini Dar, ni hapo pasi inagongwa muhuri na mabegi yanapita forodha. Kisha unayaburuta tena kwenda kuyakabidhi kwa safari ya ndani. Ndege za nje hutua jengo la tatu, lililofunguliwa 2019, na nyingi za ndani huondokea jengo la pili. Si mbali, ila ukiwa na mabegi mawili na mtoto amelala begani saa nane usiku, utapaona mbali. Mimi huacha saa nne katikati. Kama tiketi ni mbili, zimekatwa mbalimbali, naacha sita, maana ndege ya kwanza ikichelewa, shirika la ya pili huwadai kitu wala hawakujui. Na uangalie kilo: unazoruhusiwa kutoka Ulaya si lazima ziwe zilezile za kwenda Mwanza. Mifuko ya plastiki ya kubebea iache hukohuko. Imepigwa marufuku tangu Juni 2019, na wageni nao hawasamehewi.

Sasa kosa langu mwenyewe. Tiketi iliandika nafika 07:25. Nilishazoea saa za kizungu, nikampigia mjomba: "Anko, nafika saa saba na dakika ishirini na tano." Mzee akasikia saa saba, akaelewa saa saba ya mchana, kama mtu yeyote mwenye akili. Nikatoka nje ya uwanja asubuhi hiyo, nikakaa juu ya sanduku. Madereva wa teksi wakanizunguka, "Dada, twende mjini," nami nikijibu kwa majivuno kwamba nimekuja kupokelewa. Nilipokelewa baada ya saa tano na ushee. Mjomba alifika mapema kabisa, shati limepigwa pasi, akanilaumu kwa kumdanganya. Tangu hapo natoa sita kwenye saa ya tiketi (07:25 ni saa moja na dakika ishirini na tano), nasema "asubuhi", na naituma kwa maandishi.

Ndege ya alfajiri ni nzuri, lakini Ziwa Victoria hupenda kuchafuka usiku. Wakati wa masika usishangae radi na wingu zito likiwazungusha angani kidogo kabla ya kutua.

Uwanja wenyewe uko Ilemela, kama kilomita kumi kutoka mjini. Waendao Sengerema na Geita wamepona: tangu Juni 2025 daraja la Kigongo hadi Busisi, kilomita 3 juu ya ziwa, limewaondoa kwenye foleni ya kivuko. Wa Ukerewe bado wana maji mbele yao. Piga simu kwanza uulize meli ya Nansio inaondoka saa ngapi siku hiyo, halafu ndiyo ukate tiketi ya ndege.